Mzazi kaja na kitabu mkononi anataka kitolewe maktaba, fanya hivi

Kama wewe ni mkutubi wa shule, au ni mwalimu tu uliyekabidhiwa funguo za maktaba ukaambiwa "na huku pia uangalie", hii siku itakufikia. Mzazi anaingia getini, kitabu kakishika kwa vidole viwili, ukurasa wenyewe kaukunja, anamtaka mkuu wa shule. Au siku hizi haji kabisa, picha ya ukurasa mmoja inadondoka kwenye grupu la wazazi saa tatu usiku, ikifika asubuhi meseji zimeshajaa na kila mtu kashatoa hukumu. Naandika hapa namna ya kwenda nayo toka mwanzo mpaka mwisho, manake mimi mara ya kwanza niliiharibu.

Ilikuwa shule ya sekondari, sitaitaja. Kitabu chenyewe riwaya ya Kiswahili, ndani kuna msichana anayeharibiwa na mjomba wake. Mzazi alipiga picha huo ukurasa, mkuu akaniita akasema madam kitoe tu, tusigombane na wazazi. Nikakitoa. Ijumaa mchana nikakipeleka stoo, nikakiweka juu ya viti vibovu. Mzazi alisoma ukurasa mmoja, mkuu hakusoma hata huo, mimi nilikuwa nimekisoma chote na sikusema kitu, na hakuna popote palipoandikwa hata mstari kwamba kitabu fulani kimetolewa tarehe fulani kwa sababu fulani. Wiki mbili baadae binti wa kidato cha pili akaja mezani kwangu akauliza taratibu, madam kile kitabu kiko wapi, nilikuwa sijamaliza. Nikamwambia kimeazimwa. Nilimdanganya mtoto, na alikuwa kaishia kabla msichana wa kwenye hadithi hajaenda kumwambia shangazi yake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nachotaka ukishike ni hichi: kitabu kinaweza kubaki na kinaweza kutoka, yote mawili yanawezekana na kuna wakati kutoka ndo sahihi, ila kisitoke kimyakimya. Kitoke kwa kusomwa chote na kwa maandishi. Yote nitakayosema chini yanarudi hapo.

Kabla hajaja mtu

Kazi kubwa inafanyika siku ambazo hamna ugomvi. Fungua rejesta yako ya vitabu uangalie, je unajua kila kitabu kimeingiaje? Kimenunuliwa, kimeletwa na serikali, au kimetoka kwenye maboksi ya msaada? Hapa kwenye maboksi ndo pana shida na watu hawapasemi. Shule zetu nyingi maktaba imejazwa na vitabu vya msaada kutoka Ulaya na Marekani, boksi linafunguliwa, picha zinapigwa na wafadhili, vitabu vinapangwa kwa ukubwa vipendeze, hakuna aliyesoma hata kava la nyuma. Matokeo yake unakuta kitabu cha watu wazima kimekaa pembeni ya hadithi za darasa la nne, na siku mzazi akikikuta huna cha kujibu, kwa sababu kweli hukukichagua na kweli pale sio mahali pake. Boksi likifika kaa nalo, soma hata kurasa ishirini za kila kitabu, soma nyuma, angalia ni cha umri gani, ndo ukiandike kwenye rejesta. Ni kazi, najua, ila omba walimu wenzako wawili mgawane.

Kwenye rejesta ongeza kanafasi kadogo ka "kwanini kipo". Mstari mmoja tu unatosha. "Kinasaidia somo la malezi." "Wanafunzi wa kidato cha tatu wanakitumia fasihi." "Kimepata ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania." Kwa Kenya utaandika kama kimepitishwa na KICD, taasisi yao ya mitaala. Siku ya ugomvi huo mstari utakuokoa kuliko hotuba.

Afu andika utaratibu wa maktaba, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Vitabu vinachaguliwaje, nani anachagua, mzazi akiwa na lalamiko anaanzia wapi, nani anasoma, jibu linatoka ndani ya siku ngapi, nani ana neno la mwisho. Upeleke bodi ya shule (au kamati ya shule kama ni msingi) waupitishe kwenye kikao, uingie kwenye muhtasari, upigwe mhuri. Usisubiri moto uwake ndo uandike utaratibu wa kuuzima, hapo kila mtu ataona umeutunga kumkomoa mzazi fulani.

Siku yenyewe

Msalimie kama unavyomsalimia mzazi yeyote, kama ni mtu mzima kwako shikamoo iwe ya kweli, mpe kiti, mpe maji. Usianze kukitetea kitabu. Mzazi aliyekuja mpaka shuleni kwa ajili ya kitu anachosoma mwanae ni mzazi tunayemlilia kila siku kwenye vikao haji, kwa hiyo usimfanye ajute kuja. Msikilize mpaka amalize. Mara nyingi chini ya hasira kuna woga wa kweli, labda mwanae kabadilika, labda kuna kitu kimetokea mtaani kwao, labda kaambiwa na mtu kwamba shule inafundisha watoto uchafu.

Akimaliza muulize: mzee, umekisoma kitabu au umeonyeshwa huu ukurasa? Uliza kwa upole, bila kumtega. Ukurasa gani hasa unaokusumbua? Na ungependa tufanye nini, kisiazimwe na mwanao, kihamie kwa wakubwa, au kisiwepo kabisa? Hilo swali la mwisho ni la muhimu mno, manake wazazi wengi wanachotaka ni mtoto wao tu asikisome na hilo unaweza kulimaliza hapohapo kwa kuandika kwenye daftari la kuazima kwamba mtoto huyu asipewe kitabu hiki kwa ombi la mzazi wake. Anasaini, yameisha. Mzazi ana haki juu ya mwanae na hilo usilibishie. Haki ya kuwaamulia watoto wa wenzie mia nane, hiyo hana peke yake, hiyo lazima ipite kwenye utaratibu.

Akisema kitoke kabisa, mpe fomu. Huna fomu? Karatasi ya kawaida, maswali yaandike mwenyewe kwa mkono:

Jina la kitabu na mwandishi
Wewe ni nani kwa shule hii (mzazi, mlezi, mwalimu, mtu wa nje)
Umekisoma chote au sehemu, sehemu ipi
Ni nini hasa hakijakupendeza, taja ukurasa
Unadhani kinaweza kumfanya nini mtoto
Kuna chochote kizuri umekiona humo
Unataka tufanye nini

Kama kuandika ni shida kwake, mwandikie wewe kwa maneno yake mwenyewe usiyapambe, msomee, asaini au aweke dole gumba. Mwambie tarehe ya jibu. "Mama, leo ni tarehe tano, tarehe tano mwezi ujao utakuwa na jibu letu kwa barua." Mtu akiwa na tarehe mkononi hapeleki picha kwenye grupu.

Lile swali la "wewe ni nani kwa shule hii" usiliruke. Marekani hili jambo limekuwa kubwa sana miaka hii, chama chao cha wakutubi, ALA, kilihesabu vitabu tofauti 4,240 vilivyolalamikiwa mwaka 2023 peke yake, na gazeti la Washington Post lilipopitia malalamiko zaidi ya 1,000 ya shule ya mwaka wa masomo 2021/22 likakuta watu 11 tu ndo walioandika asilimia 60 ya malalamiko yote. Watu kumi na moja, nchi nzima ile. Mtu anachukua orodha iliyotengenezwa kwingine anaipeleka shule baada ya shule. Kwetu orodha zinatembea kwa WhatsApp. Kwa hiyo mtu akija na majina kumi ya vitabu na sita kati ya hivyo hamna hata kwenye maktaba yako, ujue kilichokuja ni orodha, na jibu lake ni tofauti na jibu la mama aliyekikuta kitabu kwenye begi la mwanae.

Kitabu kikae wapi wakati mnasoma

Kikae rafuni. Hapa ndo wengi wanateleza, wanasema tukitoe kwanza afu tutaangalia, na hiyo "kwanza" inakuwa miaka miwili. Ukikitoa kabla ya kusoma umeshaamua. Mkuu akikuambia kitoe leo, usibishane naye ofisini, mwambie tu mkuu sawa, naomba uniandikie hata mistari miwili kwamba kimetolewa kwa muda kusubiri kamati, na mpaka lini. Mara nyingi akishika kalamu anawaza upya. Akiandika, basi umepata kumbukumbu na tarehe ya kukirudisha, tofauti na mimi na ile Ijumaa yangu.

Kusoma, sio kupitia

Unda kamati ndogo ya watu watano: wewe, mwalimu wa fasihi, mwalimu wa malezi, mzazi mmoja kutoka bodi ambaye sio mlalamikaji, na kwa sekondari mtie na kiongozi wa wanafunzi mmoja wa kidato cha juu. Huyo mwanafunzi watu wanamkataa, wanasema ataona aibu. Weka tu. Yeye ndo anajua wenzie wanakisoma kwa macho gani, na mara nyingi mtu mzima anashtuka na kitu ambacho mtoto hata hakukiona, au mtoto kaona kitu kizito ambacho sisi tumekiruka.

Kila mmoja asome kitabu kizima. Nakala ni moja? Izunguke, siku nne nne kila mtu, ndo maana umeomba mwezi. Asiyesoma hapigi kura, hilo liandike kwenye utaratibu.

Kuna kisa Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa anakisimulia, na mimi nakitumia kila nikiongea na wajumbe wa kamati. Riwaya yake ya Kikuyu, Matigari, ilitoka 1986, watu wakawa wanamzungumzia huyo Matigari vijijini, anauliza wapi ukweli na haki, na serikali ya wakati ule ikasikia kuna mtu anazunguka anauliza maswali, ikaagiza akamatwe. Walipokuja kugundua ni mtu wa kwenye kitabu, 1987 wakavikamata vitabu vyenyewe. Hapo ndo unafika ukifuata yanayosemwa kuhusu kitabu badala ya kufungua kitabu.

Sasa kuna jambo la kwetu hasa ambalo miongozo ya wenzetu wa Marekani haina, nalo ni lugha. Kitabu ni cha Kiingereza, wazazi wengi hawakisomi, kwa hiyo kwenye kikao kuna mtu atasimama awatafsirie. Huyo mtu ndo jaji wenu, hata kama hamjui. Neno la kawaida kabisa la mwilini kwa Kiingereza, akilitafsiri kwa tusi la mtaani, kikao kimeisha, kitabu kimechomwa kwenye vichwa vya watu. Akilitafsiri kwa neno la hospitali, watu wanasikiliza. Kwa hiyo tafsiri ya kurasa zenye lalamiko ifanywe mapema, ifanywe na watu wawili, iandikwe, na isianzie kwenye mstari wenyewe, ianzie kurasa mbili nyuma na iishie kurasa mbili mbele. Ile riwaya niliyoipeleka stoo, mtu angesoma kurasa chache mbele tu angefika kwa shangazi.

Maswali ya kamati yawe machache. Hiki kitabu ni cha umri gani? Hayo mabaya yaliyomo, kitabu kinayafanyaje, kinayasifia au kinaonyesha yanavyouma? Mtoto akiikuta hali hii nyumbani kwake, kitabu kinamwachia nini mkononi? Kuna kitu kingine maktabani kinachofanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi? Msianze kuulizana "wewe ungempa mwanao", hapo mtajadili ulezi wa kila mjumbe na hamtamaliza.

Na kabla kamati haijaanza, hakikisha imeandikwa nani ana neno la mwisho na kwamba akiikataa kamati ataandika sababu. Mwaka 1976 huko Island Trees, jimbo la New York, bodi ya shule iliondoa vitabu maktabani kutokana na orodha waliyoipata kwenye mkutano, wakaunda kamati ya wazazi wanne na watumishi wa shule wanne, kamati ikasoma ikapendekeza vitabu vitano vibaki, bodi ikarudisha kimoja tu bila masharti. Wanafunzi wakaenda mahakamani, Steven Pico akiwa mmoja wao, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1982 wanafunzi wakashinda, ingawa majaji waligawanyika vibaya. Miaka sita kwa jambo ambalo lingemalizwa na mtu kuandika sababu zake kwenye karatasi.

Grupu la wazazi

Usijibu usiku. Usijibizane na mtu mmojammoja. Asubuhi muombe admini aweke ujumbe mmoja wa shule, mfupi: tumepokea hoja kuhusu kitabu fulani, kinasomwa na kamati, jibu tarehe fulani, mzazi anayetaka kukisoma chote karibu maktaba saa nane mpaka saa kumi. Basi. Huo mwaliko wa mwisho ni wa kweli, weka kiti na nakala. Mimi tangu nianze kufanya hivyo wamekuja wachache, ila waliokuja walikaa wakasoma, na mmoja aliondoka akiwa bado hataki, lakini sababu zake zilikuwa za kitabu sio za picha. Huyo nilimheshimu sana.

Picha ya mwanafunzi au jina la mtoto likiwekwa kwenye hilo grupu, hapo usisubiri asubuhi, mpigie admini ifutwe saa hiyohiyo.

Likitoka serikalini

Hii ni tofauti na lazima uijue tofauti yake. Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza vitabu 16 kupigwa marufuku shuleni kwa kwenda kinyume na maadili, mila na desturi, na kwenye orodha ilikuwemo ile Diary of a Wimpy Kid ambayo watoto wa shule nyingi za Kiingereza walikuwa wanaigombania. Katazo kama hilo kamati yako haina uwezo wa kulipindua, na mimi sikushauri ufiche vitabu chini ya meza uje uingie matatizoni.

Ila tekeleza orodha, usitekeleze woga wako. Pata waraka wenyewe, sio skrinshoti, uliza ofisi ya elimu ya wilaya kama huna. Linganisha jina na mwandishi, kitabu kwa kitabu, manake majina ya vitabu yanafanana. Vilivyotajwa vitoe, andika kwenye rejesta namba ya waraka na tarehe, vihifadhi panapoelekezwa. Visivyotajwa viache palepale vilipo. Nimemwona mwalimu kipindi kile anatoa kila kitabu chenye katuni ya kizungu juu, mpaka cha sayansi cha mfumo wa chakula kwa sababu kina mchoro wa mwili. Wathibiti ubora wakija waonyeshe rejesta, wanachotaka kuona ni kwamba umetekeleza na una kumbukumbu.

Na kama unaona kitabu fulani kimeonewa kwenye orodha, una haki ya kuandika barua kupitia mkuu wako, eleza umri wa wanaokisoma na kazi kinayofanya. Inaweza isijibiwe. Iandike hata hivyo, nakala weka kwenye faili.

Mkisha kusoma

Majibu ni matatu: kinabaki, kinahamia rafu ya wakubwa, kinatoka. Msiogope hilo la tatu likistahili, kuna vitabu vya maboksi kweli havifai shule ya msingi, na mkikitoa kwa haki basi siku mkikibakisha kingine watu watawaamini. Kuhamisha rafu kuwe kuhamisha kweli, rafu ambayo mwanafunzi wa umri huo anaifikia, sio kabati lenye kufuli ambalo ufunguo anao mtu aliyesafiri. Kuchana kurasa na kupaka wino mweusi mistari msifanye, hicho kinakuwa sio kitabu cha mwandishi wala cha kwenu, na kila mtoto atakimbilia kusoma kilichopakwa.

Kigezo mlichokitumia kiwe mnakiweza kwa vitabu vyote. Jimbo la Utah walitunga sheria 2022 ya kuondoa shuleni vitabu vyenye mambo ya ngono, mzazi mmoja wa wilaya ya Davis akaipeleka Biblia kwa kigezo hichohicho, na 2023 ikaondolewa kwenye shule za madarasa ya chini, ikazua kelele, Juni ikarudishwa. Kwa hiyo mkiandika "kitabu chochote chenye kutaja zinaa kitoke", kaeni mfikirie kwanza mmeandika nini.

Barua kwa mlalamikaji iwe ukurasa mmoja, imshukuru kweli, iseme kamati imesoma kitabu chote, imeona nini, imeamua nini, na asiporidhika aende wapi. Ipeleke kwa mkono kama unaweza. Mkibakisha kitabu, mkumbushe kwamba ombi lake juu ya mwanae liko palepale kwenye daftari.

Ndugu zangu mlioko Marekani na watoto shuleni, huko utaratibu kama huu upo kwa maandishi kwenye wilaya nyingi za shule, omba sera yao ya kupitia upya vitabu na omba mkalimani kwenye mkutano wa bodi, msiachie wengine waseme "wazazi wahamiaji hawataki kitabu hiki" wakati hamjaulizwa. Illinois wana sheria iliyoanza kazi Januari 2024, maktaba inayoondoa vitabu kwa sababu za kisiasa au kiimani inaweza kukosa pesa za jimbo.

Mwisho kabisa, weka fomu, muhtasari na barua kwenye faili moja, andika kwenye rejesta, rudisha kitabu mahali pake palepale. Afu angalia daftari la kuazima nani alikuwa nacho au nani alikiulizia wakati mnakisoma. Mtafute, kama ni mapumziko mfuate hata uwanjani, mwambie kimerudi.